Mke ana aina D, mume ana A1: vinasaba vya VVU vinasema nini kuhusu ndoa, dawa na mialo ya Ziwa Victoria

*“Daktari, pole na kazi. Mimi na mume wangu tunaishi mkoani Kagera, karibu na ziwa, na sote tuna VVU. Tuligundua siku moja, kliniki ya wajawazito, miezi minane baada ya kuoana. Kabla ya ndoa nilikuwa nafanya biashara ya nguo Masaka, Uganda. Yeye ni mvuvi wa siku nyingi, anahamahama visiwani. Mwaka jana virusi vyetu vilipanda kwa sababu ya kuruka dawa, damu zetu zikapelekwa kupimwa usugu wa virusi kwa dawa. Majibu yangu yameandikwa aina D, yake A1. Shemeji yangu aliyesoma anasema D ni virusi vya Uganda, vinaua haraka, na kwamba kutofautiana huko ni ushahidi kuwa nimetoka nje ya ndoa. Sasa hatulali chumba kimoja. Mimi virusi vimeshuka hadi havionekani kwenye kipimo, yeye hajarudia kupima. Na juzi watafiti wamepita mwaloni wakiomba damu ili wasome vinasaba vya virusi. Je, anayosema shemeji ni kweli? Dawa yangu inafaa kwa D? Mume wangu anaweza kuniambukiza hiyo A1 juu ya D niliyo nayo? Na hao watafiti tuwape damu, au watatuanika?”*

Dada yangu, nianze na hilo linalokukosesha usingizi. Karatasi mbili zilizosoma D kwako na A1 kwa mume wako haziwezi kuthibitisha kwamba umetoka nje ya ndoa. Zinaonyesha jambo moja tu, na hilo sitakuficha: virusi vilivyotawala katika damu yako siku ulipotolewa sampuli havikutokana moja kwa moja na virusi vilivyotawala katika damu ya mume wako siku alipotolewa yake. Lini kila mmoja alipata virusi vyake, kutoka kwa nani, kabla ya ndoa au baada yake, karatasi hizo hazina neno hata moja. Mligundua wote wawili siku moja, miezi minane tu baada ya kuoana, na mtu asiyetumia dawa anaweza kuishi na VVU miaka takriban 10 bila kuugua. Kwa hiyo maelezo yenye uzito kuliko mengine yote ni kwamba kila mmoja wenu aliingia katika ndoa akiwa tayari na virusi vyake, bila kujua, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Shemeji yako amesoma kitu cha kweli akakitumia mahali ambapo hakifiki. Ili uweze kumjibu, au angalau ujijibu mwenyewe, inafaa uelewe herufi hizo D na A1, ambazo ni majina ya koo, au aina ndogo, za VVU, zimetoka wapi.

Maelekezo yote ya kirusi kimoja cha UKIMWI yameandikwa katika uzi wenye herufi za kikemia zipatazo 9,700. Kirusi kikishaingia katika seli ya kinga ya mwili iitwayo CD4, kimeng'enya chake hunakili uzi huo, na kimeng'enya hicho hakirudii kusoma kilichoandika. Fikiria miswada ya tenzi za kale iliyonakiliwa kwa mkono. Kila mnakili huacha kosa lake, anayenakili kutoka kwake hulirithi kosa hilo na kuongeza la kwake, na mtaalamu akizipanga nakala hizo mezani miaka mingi baadaye anaweza kueleza, kwa kufuata makosa yanayofanana, zipi zilitoka katika mswada mmoja na zipi ziliachana zamani. Ndivyo tunavyofanya na VVU maabara. Katika mwili wa mtu asiyetumia dawa hutengenezwa mabilioni ya virusi vipya kwa siku moja, kwa hiyo makosa hayachelewi kujaa, na baada ya muda mtu mmoja huwa na umati wa virusi ndugu vinavyotofautiana kidogo kidogo. Zaidi ya hapo, kila kirusi hubeba nakala mbili za uzi wake. Seli moja ikivamiwa na virusi vya koo mbili, vizazi vyake vinaweza kubeba nakala moja kutoka kila upande, na mnakili anayefuata huruka kutoka nakala moja hadi nyingine katikati ya mstari. Kinachozaliwa ni mseto, ambao kipande chake kimoja ni A na kingine ni D au C.

Makosa hayo ndiyo yaliyotuwezesha kuifuata historia ya ugonjwa huu nyuma kuliko kumbukumbu ya hospitali yoyote. VVU-1 vya kundi M, ambavyo ndivyo vilivyosambaa duniani, vilitokana na virusi vya sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, na hesabu za kasi ya makosa zinaonyesha kwamba vilianza kuenea miongoni mwa watu mjini Kinshasa, wakati huo ukiitwa Léopoldville, karibu na mwaka 1920. Sampuli za kale kuliko zote zilizosomwa zilitolewa mji huohuo mwaka 1959 na 1960, na tayari zilikuwa zimetofautiana sana. Kutoka huko koo zilitawanyika. C ilikwenda kusini mwa Afrika na Ethiopia, na leo karibu nusu ya maambukizi yote duniani ni ya C. B ilikwenda Marekani na Ulaya. A, ambayo A1 ni tawi lake, na D zilikuja kwetu. Uchambuzi wa sampuli za Afrika Mashariki unaonyesha kwamba A na D ziliingia katika ukanda huu baada ya mwaka 1950 na kuenea kwa kasi katika miaka ya 1970, miji yetu ilipokuwa ikikua na watu wakisafiri zaidi. Wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa upande wa Rakai, Uganda, mwaka 1982 na Kagera mwaka 1983, virusi vya koo zote mbili vilikuwa vimeshaishi kando ya ziwa kwa miaka mingi.

Hapo ndipo usemi wa “virusi vya Uganda” unapokosa msingi. Ni kweli kwamba D imekuwa na nguvu zaidi Uganda kuliko kwa majirani, na kwamba A1 ndiyo iliyoenea zaidi Kenya. Lakini D ipo Tanzania na Kenya pia, A1 imejaa Uganda, na hata Rakai, ambako D ndiyo iliyokuwa nyingi zaidi miaka ya 1990, sehemu yake ilipungua na ya A ikaongezeka kati ya mwaka 1994 na 2002. Tanzania ni nchi ambayo koo hizi hukutana zote: A1, D, na C ambayo ina nguvu zaidi kusini, kama Mbeya, karibu na Zambia na Malawi, bila kusahau virusi mseto vingi, mmojawapo ukiwa ule wa C na D uliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini humuhumu na kupewa jina la CRF10_CD. Mtu anaweza kupata A1 akiwa Masaka na mwingine akapata D bila kuvuka mpaka wa Mutukula hata siku moja. Kwa hiyo herufi iliyo kwenye karatasi yako haionyeshi ulikokuwa ukiuza nguo.

Sasa turudi kwenu wawili, maana hapa ndipo tahadhari inahitajika zaidi.

Tukisema virusi vya watu wawili vinahusiana au havihusiani, tunalinganisha nyuzi zao na nyuzi za watu wengine wengi wa eneo hilo. Njia hii ina nguvu katika kutenganisha kuliko katika kuunganisha. Ikiwa virusi viwili viko mbali sana, kama D halisi na A1 halisi, tunaweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba kimoja hakikuzaa kingine. Vikiwa karibu sana, bado hatuwezi kusema kwamba fulani alimwambukiza fulani, kwa sababu wote wawili wanaweza kuwa wameambukizwa na mtu wa tatu, au kati yao yupo mtu ambaye sampuli yake haikusomwa kamwe. Mwaka 2018 wanasayansi 20 mashuhuri wa VVU walitoa tamko la pamoja kuhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, wakasema wazi kwamba uchambuzi wa vinasaba unaweza kusaidia kuondoa shaka juu ya mtu lakini hauwezi, wenyewe peke yake, kuthibitisha nani alimwambukiza nani. Nguvu yake ya kuondoa shaka ilionekana mwaka 2006, wakati uchambuzi wa virusi vya watoto wa Benghazi, Libya, ulipoonyesha kwamba virusi hivyo vilikuwa vimeanza kuenea hospitalini kabla wahudumu wa kigeni walioshtakiwa kwa kuwaambukiza hawajafika nchini.

Kuna utafiti mmoja ambao huenda shemeji yako aliusikia, kwa kuwa hutajwa sana. Utafiti wa HPTN 052 ulifuatilia jozi zaidi ya 1,700 za wenzi katika nchi 9, Kenya na Malawi zikiwemo, ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana. Wenzi 78 walipata maambukizi wakati wa ufuatiliaji. Vinasaba viliwezesha kutoa uamuzi kwa 72 kati yao: kwa 46 virusi vilihusiana na vya mwenzi, na kwa 26 havikuhusiana, yaani vilitoka kwa mtu mwingine. Lakini angalia ni kwa nini watafiti wale waliweza kusema hivyo. Walikuwa na kipimo cha mwanzo kilichoonyesha kwamba mwenzi mmoja hakuwa na VVU, na walijua tarehe alipobadilika. Ninyi hamna kipimo cha kabla ya ndoa kwa yeyote kati yenu. Bila kipimo hicho, tofauti ya D na A1 haina tarehe, na tuhuma isiyo na tarehe haiwezi kuangukia ndoa yenu.

Yapo maelezo mengine pia, na ninayataja ili usidhani nimekuchagulia lililo rahisi. Kipimo cha usugu husoma kipande tu cha uzi, kile kinachotengeneza vimeng'enya vinavyoshambuliwa na dawa, kati ya herufi 1,000 na 2,500 hivi katika zile 9,700. Kwa hiyo “D” kwenye karatasi yako maana yake ni kwamba kipande hicho ni D, na sehemu iliyobaki inaweza kuwa kitu kingine. Inawezekana pia kwamba mmoja wenu alikuwa na koo zote mbili mwilini, akampa mwenzake ukoo mmoja tu, na siku ya kutolewa damu ukoo uliokuwa juu kwake ulikuwa ule mwingine. Inawezekana mmoja alipata ukoo wa pili baadaye, na siwezi kuapa kwamba haikuwa hivyo kwa upande wowote kati yenu. Na sampuli mbili zinaweza kubadilishwa vibandiko. Maabara nzuri huwa na njia za kulinasa kosa hilo, ila halijawahi kufutika kabisa katika kazi ya mikono ya watu.

Unaweza kujiuliza kama kuna kipimo kikubwa zaidi cha kusoma uzi mzima na kumaliza ubishi. Kipo, hutumika katika utafiti, na ningekushauri usikitafute. Hakitabadilisha dawa yako. Kinaweza kusema kwa undani zaidi kwamba virusi vyenu ni tofauti, jambo ambalo tayari mnalijua, na bado hakitaweza kusema ni nani aliyekosea au kama yupo aliyekosea. Naona pia kwamba herufi ile ya aina ndogo haikupaswa kuwafikia bila mtu wa kuifafanua. Huandikwa kwenye ripoti kwa ajili ya daktari na maabara, na mgonjwa anayepewa bila maelezo hubebeshwa mzigo ambao hakuuomba.

Kuhusu D kuua haraka. Hili lina ukweli ndani yake, na chanzo chake ni tafiti zilizofanywa Uganda, Kenya na Tanzania kabla dawa hazijaenea. Watu waliokuwa na D na wasiotumia dawa walipoteza seli za CD4 na kuugua mapema kuliko waliokuwa na A. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba virusi vya D huwahi zaidi kujifunza kutumia mlango wa pili wa kuingilia seli, hivyo huweza kushambulia seli nyingi zaidi. Lakini tafiti hizo zilikuwa zikipima mwendo wa virusi vilivyoachwa huru. Virusi vyako havijaachwa huru. Mtu ambaye virusi havionekani kwenye kipimo, na ambaye anaendelea kumeza dawa kila siku, amevizuia kuzaliana, na kirusi kisichozaliana hakikimbii wala hakitembei, kiwe D au A. Usihesabu miaka yako kwa herufi hiyo.

Dawa inafaa. Hujataja jina lake, lakini nchi za ukanda wetu hutumia sana mchanganyiko wenye dolutegravir, ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2019 kuwa tiba ya kwanza inayopewa kipaumbele, na mchanganyiko huo hufanya kazi vizuri kwa A, C, D na virusi mseto. Zipo hali chache ambazo aina ya kirusi hubadilisha uchaguzi wa dawa, kama VVU-2 vya Afrika Magharibi, ambavyo kwa asili havisikii dawa za efavirenz wala nevirapine. Hizo si hali zenu. Kinachowahusu ni usugu, ambao ni jambo tofauti kabisa na aina ndogo ingawa huandikwa kwenye ripoti moja. Usugu ni kosa la mnakili ambalo kwa bahati limekisaidia kirusi kuikwepa dawa, na hupata nafasi hasa dawa zinapomezwa leo na kurukwa kesho, kwa kuwa virusi vinaendelea kunakiliwa mbele ya kiasi cha dawa kisichotosha kuvizuia. Ndiyo maana efavirenz na nevirapine zilipoteza nafasi yake ya mbele: katika nchi nyingi, zaidi ya watu 10 katika kila 100 walioanza tiba walikutwa tayari na virusi sugu kwa dawa za kundi hilo. Kwenye ripoti yako, ruka neno D na umwombe mtoa huduma akusomee sehemu ya usugu, mstari kwa mstari, hasa kuhusu dolutegravir. Kwa kuwa virusi vyako vimeshuka, tayari una jibu zuri kuliko lile la karatasi.

Swali lako la kuambukizwa A1 juu ya D ni la busara, na jibu lake ni kwamba inawezekana katika mazingira fulani. Huko Mbeya, wanawake waliokuwa wakifanya kazi katika baa na nyumba za wageni walifuatiliwa kabla dawa hazijaenea, na wengi wao walikutwa na virusi vya zaidi ya ukoo mmoja pamoja na virusi mseto vilivyozaliwa ndani ya miili yao. Kwenu nyote wawili kuna kinga mbili. Ya kwanza ni dawa unayomeza wewe, ambayo huvikabili virusi vinavyoingia kama inavyovikabili vilivyomo. Ya pili ni dawa anayomeza yeye: mtu ambaye kiwango cha virusi vyake kimeshuka na kubaki chini ya nakala 200 za virusi kwa mililita ya damu hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Shida ni kwamba hujui kiwango chake kwa sasa. Ikiwa ana virusi vingi, na baadhi vikiwa sugu kwa dawa unayotumia wewe, kinga yako ya kwanza inalegea. Kwa hiyo mkirudi chumba kimoja, jambo ninalowaombea, tumieni kondomu mpaka majibu yake yatoke na yawe mazuri.

Hapo ndipo ningependa macho ya nyumba yenu yahamie. Aliye hatarini leo katika simulizi yako ni mume wako. Virusi vyake vilikwishapanda mara moja, hajarudia kupima, na maisha ya kambini yanamfanya aruke dawa. Mwambie arudi kliniki ya tiba na matunzo wiki hii, na aeleze bila woga kwamba yeye ni mvuvi anayehama, ili apewe dawa za miezi mingi kwa mkupuo mmoja na barua ya kumwezesha kuhudumiwa kliniki iliyo karibu na kambi. Kama kiwango chake kimezidi nakala 1,000, asibadilishiwe dawa kwa kukisia. Atahitaji ushauri wa ufuasi wa dawa, kipimo cha marudio, kisha uamuzi unaoegemea majibu yake ya usugu. Akiwa na homa isiyoisha, kikohozi cha wiki mbili, kupungua uzito, vidonda mdomoni au maumivu makali ya kichwa, asisubiri tarehe ya kliniki. Wewe ukishika mimba, waambie mapema ili kiwango chako kipimwe mara nyingi zaidi.

Nakushauri pia mwende pamoja kwa mshauri nasaha, mkiwa na karatasi zenu zote mbili, ili maneno haya ayasikie mume wako kutoka kwa mtu aliye mbele yake, anayeweza kumuuliza na kujibiwa. Barua kutoka kwa mke anayetuhumiwa hupokelewa kama utetezi. Majibu ya vipimo ni yenu wawili. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wake, na ndugu wa mume hana haki ya kuyajadili barazani. Na kama tuhuma hizi zimeanza kuleta vitisho au kipigo, usisubiri kikao cha ukoo: nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na uwaambie kliniki, maana usalama wako ni sehemu ya tiba yako.

Nimalizie na watafiti wa mwaloni, ambao nawaelewa vizuri kwa kuwa kazi yao inafanana na yangu. Wavuvi wamebebeshwa lawama za VVU kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba maambukizi ni mengi mno mialoni: katika tafiti za Rakai, takriban watu wazima 40 katika kila 100 wa jamii za wavuvi walikuwa na VVU, wakati vijiji vya wakulima vilikuwa na wastani wa 14 hivi. Watu wengi, wataalamu wakiwemo, walihitimisha kwamba ziwa ndilo linalolisha nchi kavu. Vinasaba vilipochambuliwa nchini Uganda, picha ikawa tofauti: virusi vilikuwa vikitoka vijiji na miji ya bara kuingia mialoni zaidi ya vilivyokuwa vikitoka mialoni kwenda bara. Hitimisho hilo lisingepatikana kwa kuhesabu wagonjwa peke yake, na lina maana kubwa kwa mipango, kwa kuwa huduma zikiishia mialoni huku vijiji vya bara vikisahauliwa, virusi vitaendelea kuingia. Uchambuzi mwingine wa Rakai, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba sehemu ya maambukizi mapya yanayotoka kwa wanaume iliongezeka kadiri miaka ilivyokwenda, kwa sababu wanaume walikuwa nyuma ya wanawake katika kupunguza virusi mwilini. Kwa kusoma vinasaba vya watu wengi tunaona pia mapema kama usugu kwa dolutegravir unaanza kuenea kutoka mtu hadi mtu, na tunajua chanjo za majaribio zinatakiwa zikabiliane na koo zipi. Safari hiyo ya chanjo bado ni ngumu. Jaribio la PrEPVacc lililofanyika Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban lilisimamisha utoaji wa chanjo mwaka 2023 baada ya kuonekana kwamba hazingeweza kuzuia maambukizi.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni njema, na binafsi ningefurahi mkishiriki. Hofu yako ya kuanikwa hata hivyo ina msingi, kwa kuwa sheria zetu zinamwadhibu anayemwambukiza mwingine kwa makusudi, na kwa kuwa eneo lenye watu wachache ni rahisi kumtambua mtu hata bila jina. Kabla ya kutia sahihi, waombe wakuonyeshe kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR. Waulize kama sampuli itabeba jina lako au namba, nani anashika daftari la kuunganisha namba hiyo na jina, na kama herufi za virusi vyenu zitawekwa katika hifadhi ya kimataifa pamoja na jina la mwalo au la mkoa tu. Waulize kama sampuli za mke na mume zitalinganishwa, na matokeo hayo yatamfikia nani. Katika tafiti nzuri za namna hii hayamfikii yeyote nyumbani, wala kiongozi wa kijiji, wala polisi, na matokeo hutolewa kwa makundi makubwa ya watu. Waulize pia kama mkiamua kujitoa baadaye damu iliyobaki itaharibiwa. Wakiwajibu kwa uwazi na kuwaachia nakala ya fomu, mtakuwa na cha kuamulia. Wakikwepa maswali haya, mnayo haki ya kukataa, kila mmoja kwa nafsi yake, na dawa zenu za kliniki hazipaswi kuguswa na uamuzi huo kwa namna yoyote.